Kompyuta ya zamani imegoma kuanza, DVD haisomi: tunajibu barua za wasomaji wa Kigoma

Barua za safari hii zimetoka Mwanga, Kasulu, Ujiji, Uvinza, Kibondo na Kibirizi. Karibu zote zinahusu kompyuta za mezani za kati ya 2005 na 2012, zile zilizoingia kama mitumba na mpaka leo zinachapa barua, zinatoa mitihani na kuchoma CD za kwaya. Tukisema "boksi" tunamaanisha lile sanduku la chuma ambalo wengi tumezoea kuliita sipiyu. Sipiyu yenyewe ni kipande kidogo kilichofunikwa na feni ndani ya boksi, na mtu akichanganya majina hayo mawili anaweza kurudi kutoka dukani na kitu ambacho hakikuharibika.

Swali: Habari za kazi, mafundi. Nina steshenari hapa Mwanga. Umeme ulikatika nikiwa nachapa. Uliporudi, kompyuta ikawaka lakini inaishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi "Disk boot failure, insert system disk and press Enter". Fundi aliyeiona anasema dawa ni kufomati tu na kuweka Windows upya. Ndani kuna kazi za wateja za miaka minne. Nikubali? (Mwenye steshenari, Mwanga)

Jibu: Usikubali, dada, angalau si leo. Maandishi hayo hayasemi kwamba Windows imeharibika. Yanasema kompyuta imetafuta pa kuanzia ikapakosa, na sababu ya kupakosa inaweza kuwa ndogo kabisa. Ukifomati, kazi za wateja zinaondoka hata kama kosa lilikuwa waya uliolegea.

Anza na vya nje. Chomoa fleshi, kadi za kumbukumbu za simu na hadidiski ya nje, kisha toa CD iliyomo kwenye droo. Kompyuta nyingi za umri huo zimepangwa kuangalia CD au fleshi kabla ya hadidiski ya ndani, ile inayobeba Windows na kazi zako, na zikikuta fleshi ambayo haina mfumo wa kuanzia zinasimama hapo hapo. Washa tena. Steshenari huwa na fleshi ya mteja iliyosahaulika nyuma ya boksi, kwa hiyo angalia nyuma pia.

Ikigoma, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayotangulia Windows: zima, washa, halafu gonga Delete mfululizo. Kompyuta nyingine zinataka F2 au F10, na maelezo hutokea kwa sekunde chache chini ya skrini. Ukishaingia, tazama saa na tarehe kwanza. Ikiwa imerudi nyuma miaka kumi au zaidi, betri ya mazabodi (bodi kuu ya ndani ya boksi) imekwisha, na hapo ndipo kukatika kwa umeme kunapohusika. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ukiwa umeizima, pawa saplai (kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme) huendelea kutoa umeme kidogo unaoshikilia saa na mipangilio ya BIOS. Betri inaweza kuwa imekufa tangu mwaka jana usijue. Siku umeme unapokatika mtaa mzima, mazabodi inasahau kila kitu, ikiwemo ni hadidiski ipi ya kuanzia. Betri yenyewe ni CR2032, ya duara kama sarafu, ya volti 3. Ipime kwa maltimita, yaani kipima umeme. Ikisoma chini ya volti 2.7, weka mpya, upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kisha rekebisha saa, weka hadidiski iwe ya kwanza kwenye mpangilio wa kuanza, hifadhi, toka.

Kuna mpangilio mwingine unaopotea pamoja na huo, nao unawasumbua hata mafundi. Hadidiski za SATA (zenye waya mwembamba wa data) huendeshwa kwa namna mbili ambazo BIOS inaziita IDE na AHCI, na Windows huzoea ile iliyokuwepo siku ilipowekwa. BIOS ikisahau na kurudi kwenye nyingine, Windows inaanza, skrini inageuka bluu kwa kufumba na kufumbua, na kompyuta inajizima na kuwaka upya. Ukibahatika kusoma namba utaona 0x0000007B. Rudi BIOS, geuza IDE iwe AHCI au AHCI iwe IDE, jaribu. Hakuna faili linalofutika kwa kufanya hivyo.

Sasa tuseme jina la hadidiski halionekani kabisa kwenye BIOS. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe, ndipo ufungue boksi. Hadidiski ya SATA ina nyaya mbili: ya data, nyembamba, ya pini 7, na ya umeme, pana zaidi, ya pini 15. Chomoa zote mbili ncha zote, zirudishe kwa kukaza, kisha hamishia waya wa data kwenye tundu jingine la mazabodi. Badilisha na waya wenyewe ukiweza, maana plastiki ya ncha zake huchoka na kulegea. Washa ukiwa umeinamisha sikio. Hadidiski nzima hupanda kwa mvumo mwembamba kisha ikatulia. Ikigonga ta… ta… ta… kama mtu anayegonga meza kwa ukucha, vichwa vya kusomea vinahangaika kupata njia. Izime hapo hapo na usiiwashe tena kwa kujaribu, kwa sababu kila dakika ya kugonga inaweza kukwangua sahani zenye kazi zako. Usiifungue, na usiiweke kwenye friza kama wanavyoshauri wengine. Unyevu unaoganda ndani unamalizia kilichobaki. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kuokoa data.

Na kama hadidiski inaonekana BIOS, haigongi, ila Windows haianzi, nakili kwanza ndipo utengeneze. Anzisha kompyuta kwa fleshi yenye Linux, mfumo mwingine kama Windows, bila kuisakinisha, au hamishia hadidiski kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya SATA kwenda USB, kisha toa kazi zote. Ukishazitoa, iangalie afya yake kwa programu ya CrystalDiskInfo. Mstari wa 05 ni sekta (vipande vidogo vya hadidiski) zilizokwisha kuhamishwa, na C5 ni sekta zinazosubiri kwa sababu hazisomeki. C5 ikiwa na namba iliyozidi sifuri, usiiamini tena hadidiski hiyo kwa kazi za watu. Ikiwa safi, tumia DVD ya Windows 7, chagua ukarabati, fungua dirisha la amri, uandike bootrec /fixmbr, kisha bootrec /fixboot, kisha bootrec /rebuildbcd. Amri ya kukagua hadidiski, chkdsk /r, isitangulie kunakili. Inapitia kila sekta ya hadidiski, na iliyo mgonjwa inaweza kufia katikati ya safari hiyo.

Fundi akirudi na neno la kufomati, mwulize: "Hadidiski inaonekana kwenye BIOS?" Kama hajaangalia, bado hajaanza kuipima.

Swali: Kompyuta ya ofisi ya shule yetu inataka kuwashwa mara tano au sita kila asubuhi. Feni zinazunguka sekunde mbili, inazima. Ikishakubali, inafanya kazi hadi jioni bila kusumbua. Tumebadilisha RAM (kumbukumbu ya muda) na hali ni ile ile. (Mwalimu, Kasulu)

Jibu: Mwalimu, dalili ya kugoma ikiwa baridi na kukubali ikipata joto inaelekeza kwenye kapasita, ama za pawa saplai ama za mazabodi. Kapasita ni kama mtungi mdogo unaokusanya umeme na kuutoa ukiwa umetulia. Ndani yake kuna majimaji, na yakianza kukauka, baridi ya asubuhi ya Kasulu inazidi kuyafanya yakatae kupitisha umeme. Kila jaribio la kuwasha linayapasha moto kidogo, na la sita linafaulu. Tatizo halitajirekebisha: mara sita zitakuwa kumi, kisha siku moja haitawaka tena.

Fungua boksi na umulike kwa tochi vimirija vilivyozunguka feni ya sipiyu. Kichwa cha kapasita kina mikato ya msalaba au ya umbo la K. Kikiwa kizima ni bapa kabisa, unaweza kusimamisha shilingi juu yake. Kikiwa kimevimba kama kopo la nyanya lililoharibika, au kina ukoko wa kahawia juu au kwenye mguu, hicho ndicho. Mazabodi nyingi za kati ya 1999 na 2007 zilitoka viwandani na kapasita mbovu, kwa hiyo usishangae ukikuta nne au tano kwa mpigo.

Zikiwa bapa zote, jaribu pawa saplai ya kompyuta nyingine ya ofisini inayofanya kazi. Ni kipimo cha haraka kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Ukiwa na maltimita, washa kompyuta na upime kwenye plagi ya pini 4 iliyo wazi: waya mweusi na wa njano zisome kati ya volti 11.4 na 12.6, mweusi na mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Mafundi wengi huijaribu ikiwa nje kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa ya pini 24. Kipimo hicho kinaonyesha tu kwamba inaamka. Inaweza kuamka mezani na kuanguka ikibebeshwa mzigo. Tena kuna maboksi membamba ya ofisini ambayo plagi yake si ya pini 24 na rangi za nyaya hazifuati utaratibu huu. Kwa hayo, tumia pawa saplai ya aina ile ile tu.

Kapasita za mazabodi zinabadilishika. Mpe fundi wa redio mwenye mkono mtulivu, na umwambie mambo haya: mikrofaradi zilingane na za zamani, volti zilingane au zizidi, ziwe za ukinzani mdogo na za nyuzi 105, na mstari wa pembeni ambao ni upande wa hasi urudi pale pale ulipokuwa. Zinazopatikana sana ni za volti 6.3 na mikrofaradi 1000, 1500 au 3300. Pasi ya risasi ya wati 25 haitoshi, maana shaba iliyo katikati ya mazabodi inanyonya joto. Wati 60 ni bora. Ila pawa saplai yenyewe msiifungue. Kapasita zake kubwa hushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani, na hizo zinaua. Nunueni nyingine. Mkiileta mezani, angalieni swichi ndogo nyekundu nyuma yake kabla ya kuchomeka: baadhi ya mitumba inakuja imewekwa 115, na umeme wetu ni volti 230. Ikichomekwa hivyo inapasuka kwa kishindo.

Swali: Napiga video za harusi Ujiji. Draivu yangu ya DVD inasoma CD vizuri, lakini DVD, hata ya dukani, inazunguka, inapunguza, inazunguka tena, basi. Nimesafisha lenzi kwa manukato lakini wapi. (Mpiga video, Ujiji)

Jibu: Kaka, draivu yako ina leza mbili zinazopita kwenye lenzi moja: ya CD yenye mawimbi ya nanomita 780 na ya DVD yenye nanomita 650. Moja inaweza kufa na nyingine ikabaki. Lakini usiihukumu bado, kwa sababu uchafu pia huanza kuonekana kwenye DVD. Njia za data kwenye CD zimeachana mikromita 1.6, kwenye DVD mikromita 0.74 tu. Ukungu mwembamba wa lenzi ambao CD inauvumilia, DVD haiuvumilii. Na manukato yana mafuta: yakikauka yanaacha ukungu ule ule uliotaka kuuondoa.

Kwa draivu ya kompyuta ya mezani lenzi haifikiki kupitia droo. Toa draivu, fungua droo kwa kibanio cha karatasi kama tulivyoeleza kwenye barua ya mwisho hapa chini, banua uso wa plastiki wa mbele, geuza, fungua skrubu nne za chini. Lenzi ni tone la plastiki, dogo kama punje ya mtama, lililoning'inia kwenye nyaya nyembamba kuliko unywele. Ukiligusa linadidimia na kurudi, na ndivyo linavyotakiwa. Chukua pamba ya kijiti, idondoshee tone moja la alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ikamue, kisha zungusha juu ya lenzi bila kukandamiza. Petroli na kiondoa rangi ya kucha havifai, vinayeyusha plastiki. Pitisha pamba kavu, subiri dakika 10, funga. Usiiwashe ikiwa wazi ili uone kama leza inafanya kazi, maana leza ya kuchomea inaunguza jicho kabla hujapepesa.

Isiposoma DVD baada ya hapo, leza yake imekwisha. Atakayekuambia akuzungushie skrubu ndogo ya pembeni ya lenzi ili leza "iongezewe nguvu", mkatalie. Utapata siku chache za kusoma, kisha kiza. Nunua draivu nyingine, ila kwanza tazama waya wa zamani. Ukiwa mwembamba wa pini 7, omba ya SATA. Ukiwa utepe mpana, hiyo ni IDE, aina ya zamani ya pini 40, na inahitaji jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) nyuma: ikiwa peke yake kwenye utepe iweke Master (ya kwanza) kwenye ncha ya mwisho, ikichangia na hadidiski iwe Slave (ya pili). Mbili zikiwa Master kwenye utepe mmoja, kompyuta inaweza isizione zote, na utadhani umeuziwa mbovu.

Na harusi za watu zisikae kwenye DVD peke yake, tafadhali. Rangi inayobeba data kwenye diski za kuchomwa hufifia kwa joto na jua. Ziweke pia kwenye hadidiski mbili zilizo sehemu mbili tofauti. Familia haiwezi kufunga ndoa upya ili uipige tena.

Swali: Draivu ya DVD imepotea kwenye My Computer. Droo inafunguka, taa inawaka. Ilianza nilipoondoa programu ya kuchoma CD. (Msomaji, Uvinza)

Jibu: Draivu ni nzima, programu iliyoondoka imeacha jina lake mlangoni. Fungua Device Manager: ukiona alama ya njano kwenye draivu na kosa namba 19 au 39, fungua regedit, programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows, ufuate HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Control, Class, mpaka folda inayoanza na {4D36E965. Thibitisha kulia kwamba imeandikwa DVD/CD-ROM. Hifadhi nakala ya folda hiyo kwenye faili kwanza, kisha futa UpperFilters na LowerFilters tu, kama zipo. Ukifuta kwenye folda jirani, unaweza kuzima kibodi au hadidiski. Washa upya. Ikiwa draivu haionekani hata BIOS, acha regedit na ukague waya: vumbi la chumvi la Uvinza linavuta unyevu, na pini hushika kutu mapema.

Swali: Nikiwasha, inapiga mlio mrefu, inanyamaza, mrefu tena, bila picha. (Msomaji, Kibondo)

Jibu: Mara nyingi ni RAM. Mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, kwa BIOS ya aina ya Award, ni kadi ya picha, lakini mrefu unaojirudia ni RAM. Chomoa waya wa ukutani, gusa chuma cha boksi ili umeme wa mwilini utoke, fungua vibano viwili, toa RAM. Sugua meno yake ya dhahabu kwa raba nyeupe laini, pande zote mbili, upepete mabaki. Raba ya wino ina mchanga na inachubua dhahabu. Safisha tundu la RAM kwa brashi kavu. Rudisha kipande kimoja kimoja, ukibonyeza kwa vidole gumba mpaka vibano vyote vijifunge vyenyewe. Kikigoma kuingia usilazimishe: DDR2 na DDR3 zote zina pini 240 lakini pengo la katikati halikai pamoja. Ukipuliza vumbi kwa blua, zuia feni kwa kidole isizunguke, maana ikipita kasi yake inaharibu beringi.

Swali: CD ya kwaya imenasa, droo haifunguki. (Msomaji, Kibirizi)

Jibu: Zima kompyuta, usubiri dakika moja CD isimame. Nyoosha kibanio cha karatasi, ukiingize kwenye tundu dogo lililo chini ya droo, sawasawa bila kukiinamisha, mpaka kikutane na kitu kigumu. Sukuma kwa nguvu kidogo. Droo itatoka kama sentimita moja, uimalizie kwa vidole. Ikirudia tena wiki ijayo, mkanda wa mpira unaovuta droo umelegea. Upo mbele, chini ya droo, umezunguka magurudumu mawili madogo ya plastiki. Ukichemshwa kwenye maji ya moto dakika chache unakaza kwa muda, lakini wa kudumu ni mpya, wa kipenyo kile kile na unene ule ule. Kabla ya kuufunga, futa magurudumu yote mawili kwa pamba yenye alkoholi, maana vidole vikiacha mafuta hapo, hata mkanda mpya unateleza.